Huduma kwa Mteja Huanzia Ghalani

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii wanafunzi wetu huikariri tangu shule ya msingi, huitia katika insha zao, hupewa alama kwa ajili yake, kisha huisahau siku wanapoingia katika ulimwengu wa kazi. Laiti ingalibandikwa juu ya mlango wa kila ghala, katika kila kiwanda na kila karakana kutoka Kitengela hadi Loitokitok, pengine makala haya yasingalihitajika.

Tunalotaka kulizungumzia leo huenda likaonekana dogo mbele ya mambo makubwa ya siasa yanayojaza kurasa za magazeti. Ni habari ya hesabu ya vitu vilivyomo ghalani, na uhusiano wa hesabu hiyo na jinsi mteja anavyohudumiwa. Hata hivyo, tunaamini kwamba jambo hili, likiachwa jinsi lilivyo, litawanyima kazi vijana wengi wanaoketi madarasani hivi sasa katika Kaunti ya Kajiado na kwingineko. Ndiyo sababu tumeona vyema kuwaelekezea maneno haya walimu na wanafunzi, pamoja na wenye viwanda wenyewe.

Katika afisi nyingi za biashara kumetundikwa bango lisemalo kwamba mteja ni mfalme. Wenye viwanda, wakubwa kwa wadogo, huona kuwa wameutimiza wajibu wao kwa mfalme huyo iwapo karani wa mapokezi anatabasamu, kiti cha wageni kina mto, na simu inapokewa upesi. Hayo yote ni mema wala hatuyabezi. Lakini tabasamu halimpi mteja bidhaa aliyoilipia. Mtu anayemhudumia mteja kwa kweli ni yule ambaye mteja hamwoni kamwe: mtunza ghala, aliye nyuma ya nyumba na kalamu yake na daftari lake. Akikosea yeye, hakuna adabu ya mapokezi iwezayo kulirekebisha kosa hilo.

Tuchukue mfano ambao walimu wakuu wengi hawatashindwa kuutambua. Mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu na Loitokitok anahitaji madawati 40 kabla ya muhula kuanza. Anaipigia simu karakana moja huko Kitengela, anapatana bei na mwenyewe, na kutuma amana kwa simu siku iyo hiyo. "Mwalimu, usiwe na shaka," anaambiwa. "Mbao zipo, vyuma vipo. Wiki mbili tu, kisha uje na lori." Wiki mbili zinapita. Mwalimu anakodi lori, anashika njia ya Emali, na kufika Kitengela baada ya safari ya zaidi ya kilomita 200. Anakuta madawati 22 yamekamilika, na fundi aliyejaa aibu anamweleza kwamba vyuma viliisha siku ya nane.

Yafaa ikumbukwe kuwa fundi huyo hakusema uongo kwa kusudi. Alikuwa ameuona mrundo wa vyuma kwa macho yake mwenyewe. Asilolijua ni kwamba nusu ya mrundo huo ilikuwa imekwisha kuahidiwa mteja mwingine, na kwamba vipande kadhaa vilikuwa vimeliwa na kutu. Alihesabu kwa macho akaahidi kwa mdomo, na ahadi ni deni.

Deni hilo hulipwa na nani? Lori limelipwa nauli kamili kwa kubeba nusu ya mzigo. Madawati 18 yaliyokosekana, ikiwa kila moja ni la wanafunzi watatu, ni wanafunzi 54 watakaouanza muhula wakiwa wamekaa sakafuni. Na mwaka ujao, mwalimu huyo akihitaji madawati mengine, hataipigia simu karakana ile. Atayatafuta Nairobi, au atavuka mpaka pale Illasit aende Tarakea, nchini Tanzania. Hivyo ndivyo karakana zetu zinavyokufa. Hakuna kishindo wala matanga. Mteja mmoja huondoka bila kuaga, akafuatwa na mwingine, mpaka siku moja kufuli hutiwa mlangoni na vijana watano au sita wakarudi nyumbani bila kazi.

Ajabu ni kwamba elimu ya kutunza hesabu si ngeni katika nchi ya Wamaasai. Jioni, ng'ombe wanaporejea bomani, mzee husimama langoni akiwatazama wakiingia. Hawahesabu kwa kidole, kwani mila inamkataza kuwataja wanyama wake kwa idadi. Humtambua kila mmoja kwa rangi yake, kwa pembe zake na kwa alama iliyokatwa sikioni. Akikosekana mtamba mmoja tu, mzee hujua ni yupi, mamaye ni yupi, na alionekana wapi mara ya mwisho. Vijana hutumwa kumtafuta kabla fisi hajamwona. Mambo matatu yamo katika kitendo hicho cha jioni: kujua kilichopo, kujua kisichopo, na kuchukua hatua mapema. Hakuna chuo cha biashara kinachofundisha zaidi ya hayo juu ya utunzaji wa ghala. Iweje basi mjukuu wa mzee huyo, akisimamia ghala la magunia 300, ashindwe kusema amebakiwa na mangapi?

Wala si kwamba eneo letu ni maskini wa viwanda. Kampuni ya Magadi Soda iliundwa mwaka 1911, na magadi ya ziwa lile yamekuwa yakiuzwa ng'ambo tangu enzi za ukoloni. Kati ya Kitengela na Athi River pana eneo la viwanda vya kuuza bidhaa nchi za nje, lililowezeshwa na sheria iliyopitishwa mwaka 1990. Athi River pana viwanda vya saruji pamoja na kile cha Tume ya Nyama ya Kenya. Kitengela imejaa karakana za milango, madirisha, vitanda na matofali ya saruji, kwa kuwa kila siku watu wanahamia huko na kujenga. Kusini, chini ya Mlima Kilimanjaro, mashamba ya Loitokitok, Kimana na Rombo hutoa mahindi, maharagwe, vitunguu na nyanya zinazolisha Nairobi na Mombasa. Malighafi tunayo, wanunuzi tunao, mikono ya kufanya kazi tunayo. Kinachopungua mara nyingi ni daftari.

Tumeyachunguza makosa yanayotokea ghalani na kuona kwamba yanaweza kugawanywa katika mafungu matatu.

Kosa la kwanza ni la fundi wetu wa madawati, nalo ni kutojua kilichopo. Kosa la pili ni kuacha kitu kidogo kizuie kikubwa. Fikiria kiwanda cha nguo katika eneo la Athi River. Tangu Marekani ilipopitisha sheria ya AGOA mwaka 2000, viwanda vya aina hiyo vimekuwa vikishona nguo kwa ajili ya maduka ya huko. Kitambaa kipo, vyerehani viko tayari, washonaji wamefika asubuhi na mapema, zipu hazipo. Suruali 3,000 zitalala mezani kwa kukosa kitu ambacho bei yake haifikii ya kikombe cha chai. Meli haingoji zipu. Mnunuzi wa ng'ambo, ambaye amekwisha kupanga siku ya kuziweka nguo hizo dukani, atadai apunguziwe bei au atataka zisafirishwe kwa ndege kwa gharama ya kiwanda. Faida ya mwezi mzima yaweza kuishia katika nauli hiyo. Mtunza ghala mwerevu hutambua kwamba thamani ya kitu haimo katika bei yake peke yake, bali pia katika hasara inayoletwa na kukosekana kwake.

Kosa la tatu ni kinyume cha hilo la pili, yaani kujaza ghala kupita kiasi na kuviacha vitu vikae. Wahenga walisema kuwa akiba haiozi. Hawakuwa wamefika Kimana wakati wa msimu wa nyanya! Nyanya iliyoiva hukaa siku chache tu, na mkulima anayeijua siku ya kuchuma lakini haijui siku ya lori kuja, huishia kuwapa ng'ombe. Saruji nayo hunyonya unyevu wa hewa na kuganda mfukoni. Chuma huota kutu. Rangi huganda mikebeni. Hata kile kisichooza hula fedha: shilingi iliyolala ghalani haiwezi kulipa mishahara wala kununua mashine.

Na ghala baya laweza kuua. Hatusemi haya kwa kutia chumvi. Mwaka 2004, katika maeneo ya Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa baada ya kula mahindi yenye sumu ya aflatoksini, ambayo huletwa na kuvu inayoota katika nafaka iliyohifadhiwa ikiwa na unyevu. Makueni ni jirani yetu. Ukitoka Loitokitok kwenda Emali unafika huko. Kipimo kinachokubaliwa nchini ni kwamba unyevu wa mahindi usizidi asilimia 13.5. Mwenye kinu cha unga asiyepima unyevu wakati wa kupokea, anayerundika magunia mapya mbele ya yale ya zamani, na asiyejua gunia lipi liliingia lini, anacheza na uhai wa watu. Mwezi Novemba mwaka 2019, Shirika la Ubora wa Bidhaa nchini lilipiga marufuku aina tano za unga wa mahindi kwa sababu ya sumu hiyohiyo. Siku kama hiyo ndipo daftari linapojulikana thamani yake. Kiwanda kilichoandika tarehe ya kila shehena, mahindi yalikotoka na duka lililouziwa unga, chaweza kuurudisha unga uliodhuriwa kabla haujapikwa. Kisichoandika kitabaki kutoa matangazo na kuomba radhi.

Tiba ya makosa haya haihitaji mitambo ya bei ghali. Yahitaji kwanza kadi au ukurasa mmoja kwa kila aina ya bidhaa, wenye safu za tarehe, kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, na jambo ambalo wengi hulisahau, kilichokwisha kuahidiwa wateja. Safu hiyo ya mwisho ndiyo ingalimwokoa fundi wetu. Pili, kilichotangulia kuingia ndicho kitangulie kutoka. Tatu, mara moja kwa wiki vitu vichache vihesabiwe kwa mkono na kulinganishwa na daftari, ili tofauti igunduliwe ingali mbichi, badala ya kungojea mwisho wa mwaka ambapo hakuna akumbukaye lolote.

Nne, kila kitu kiwekewe kiwango ambacho kikifikiwa agizo jipya hutolewa bila mjadala. Hapa tungependa walimu wa hisabati watusikilize. Karakana ya milango iliyo Loitokitok inatumia, tuseme, vipande 8 vya chuma kwa siku. Chuma kikiagizwa kutoka Nairobi huchukua siku 5 kufika. Basi kabla mzigo haujafika vitatumika vipande 40. Mvua yaweza kunyesha au lori likaharibika, kwa hiyo mwenye karakana aongeze akiba ya tahadhari ya siku 2, yaani vipande 16. Jumla ni 56. Vipande vinapobaki 56, simu ipigwe siku hiyohiyo.

Je, aagize vingapi? Swali hili lilijibiwa mwaka 1913 na mhandisi Mmarekani, Ford Whitman Harris, na jibu lake lingali likifundishwa duniani kote. Tuseme karakana yetu hufanya kazi siku 300 kwa mwaka, hivyo huhitaji vipande 2,400. Kila safari ya kuleta chuma hugharimu shilingi 3,000, iwe mzigo ni mkubwa au mdogo. Kukitunza kipande kimoja ghalani kwa mwaka, ukijumlisha kodi, ulinzi, kutu na mtaji uliofungwa humo, hugharimu shilingi 160. Akiagiza vipande 60 kila mara, atasafiri mara 40 na kutumia shilingi 120,000 kwa safari, ingawa utunzaji utamgharimu shilingi 4,800 tu. Akiagiza 1,200 kwa mara moja, safari zitakuwa mbili tu kwa shilingi 6,000, lakini utunzaji utafika shilingi 96,000, kwani kwa wastani ghala litakuwa na vipande 600. Akiagiza 300, safari 8 zitamgharimu shilingi 24,000 na utunzaji shilingi 24,000. Jumla ni 48,000, na hakuna kiasi kingine kitakachompa jumla ndogo kuliko hiyo. Kanuni yenyewe ni nyepesi: zidisha mahitaji ya mwaka kwa gharama ya safari moja, zidisha tena kwa 2, gawanya kwa gharama ya kutunza kipande kimoja, kisha utafute kipeuo cha pili. Mwanafunzi anayelalamika kwamba vipeuo havina kazi nje ya darasa na aipeleke hesabu hii kwa fundi wa mtaani kwao.

Wapo watakaotuambia kwamba mambo haya yamepitwa na wakati, kwa kuwa kampuni ya Toyota ya Japani iliionyesha dunia kwamba kiwanda chaweza kufanya kazi karibu bila akiba yoyote, kila kipuri kikiletwa saa ile ile kinapohitajika. Ni kweli, nasi twauheshimu ufundi huo. Lakini mpango huo hustawi pale ambapo muuzaji yuko karibu na barabara haina mashaka. Hapa Kajiado tuna kumbukumbu iliyo karibu. Mwaka 2020, wakati wa janga la Korona, madereva walipokuwa wakisubiri kupimwa kwenye mpaka wa Namanga, malori yalipanga foleni ndefu kwa siku nyingi. Aliyekuwa ameweka akiba ya kiasi aliendelea kufanya kazi. Aliyetegemea lori la kesho alifunga mlango. Kwa hiyo ushauri wetu kwa mwenye kiwanda si kwamba aweke kingi wala kidogo. Na ajue umbali wake, aijue barabara yake, kisha apige hesabu.

Twapenda pia kuwakumbusha wenye viwanda kwamba ghala lina milango miwili, na kila mlango una mtu wa kuheshimiwa. Mbele yupo anunuaye. Nyuma yupo aletaye malighafi. Historia ya Tume ya Nyama ya Kenya inatufunza jambo hapa. Tume hiyo iliundwa mwaka 1950, ikaja ikafungwa kwa miaka mingi, ikafunguliwa tena mwaka 2006, na mwaka 2020 ikawekwa chini ya Wizara ya Ulinzi. Miongoni mwa malalamiko ambayo wafugaji wameyatoa mara kwa mara katika safari hiyo ndefu ni kucheleweshewa malipo ya mifugo yao. Mfugaji aliyengojea fedha zake miezi kadhaa hatarudi tena. Atamuuzia mchinjaji wa kibinafsi anayelipa papo hapo, hata kama bei ni ya chini. Kiwanda kisicholipa kwa wakati kinajikatia malighafi, na kikikosa malighafi kitamkosa mteja. Uaminifu kwenye mlango wa nyuma ndio unaouwezesha uaminifu kwenye mlango wa mbele.

Na je, siku ambapo kitu kimekosekana licha ya juhudi zote, mteja aambiwe nini? Aambiwe kweli, na aambiwe mapema. Fundi wetu alijua siku ya nane kwamba vyuma vimeisha. Siku ya nane mwalimu alikuwa bado hajakodi lori. Simu moja siku hiyo, yenye maneno machache, "Mwalimu, nimepungukiwa, nina 22 sasa na 18 zitakuwa tayari baada ya wiki moja. Utachukua hizi kwanza au utangoja zote?" ingaliokoa nauli ya lori, heshima ya karakana na urafiki wa miaka. Mteja huvumilia kuchelewa kuliko anavyovumilia kudanganywa. Isitoshe, hili ni suala la haki wala si la hisani tu. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora unaofaa, haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidike nazo kikamilifu, na haki ya kufidiwa hasara inayotokana na kasoro katika bidhaa au huduma hizo. Bunge nalo lilipitisha Sheria ya Kuwalinda Wanunuzi mwaka 2012. Ni wanunuzi wangapi wanaolijua hilo? Ni wenye karakana wangapi?

Tunajua majibu tutakayopewa. Mwenye karakana ndogo atasema kwamba daftari ni la makampuni makubwa. Twamjibu kwamba kampuni kubwa yaweza kupoteza vipande 20 na isitetereke. Yeye akivipoteza hatalala usingizi. Mwingine atasema kwamba bei ya chuma hupanda kila mara, kwa hiyo ni busara kununua kingi kingali rahisi. Hoja hii ina uzito wake, na pengine mwaka fulani atafaidika. Lakini na aiweke katika hesabu pamoja na gharama ya kutunza, asije akasherehekea shilingi 10 alizookoa huku kutu ikila 15. Wa tatu atasema kwamba kuhesabu kila wiki ni kuwashuku wafanyakazi. Hapa twapinga kwa nguvu zote. Ghala lisilo na daftari humfanya kila mfanyakazi kuwa mshukiwa siku kitu kinapopotea, na mara nyingi anayefutwa kazi ni mnyonge asiye na wa kumtetea. Daftari lenye sahihi ya aliyetoa na aliyepokea ndiyo ngao ya mfanyakazi mwaminifu.

Sasa twarudi kwa walimu. Somo la Elimu ya Biashara katika mtaala wa 8-4-4 limekuwa na mada ya uhifadhi wa bidhaa maghalani kwa wanafunzi wa kidato cha pili. Mtaala wa umilisi nao unasisitiza kwamba mwanafunzi aonyeshe anachoweza kufanya, si anachokumbuka tu. Lakini mara ngapi tumewaona wanafunzi wakikariri faida saba za ghala bila kuingia katika ghala hata moja? Na hali ghala lipo hapo hapo shuleni! Kila shule ya bweni ina stoo yenye mahindi, maharagwe, mafuta ya kupikia na sabuni. Mwalimu na awaombe wakuu wa shule ruhusa, awapeleke wanafunzi kumi na karatasi na kalamu, wahesabu magunia, waulize kila moja liliingia lini, wakadirie maharagwe yatatosha siku ngapi na ni siku gani yapaswa kuagizwa mengine. Matokeo yao yalinganishwe na daftari la stoo. Huenda yakalingana, na shule ikajivunia. Huenda yasilingane, na shule ikajifunza. Kwa vyovyote vile, wanafunzi hao hawataisahau mada hiyo.

Baada ya hapo waende sokoni na kwenye karakana za mji wao, iwe ni Loitokitok, Kajiado au Kitengela. Waende kwa adabu, wala wasijifanye wakaguzi. Wamwombe fundi awaonyeshe anavyojua vyuma vyake vinakaribia kuisha. Wengine watajifunza kutoka kwake, na wengine watamwachia kadi iliyochorwa vizuri. Hivyo shule itakuwa imemhudumia jirani yake.

Walioko madarasani leo ndio watunza maghala, mafundi na wenye viwanda wa kesho. Wakiondoka shuleni na methali kinywani tu, tutaendelea kununua milango ya Nairobi na kuwatazama vijana wetu wakirandaranda mitaani. Wakiondoka na methali mkononi, katika umbo la daftari na kalamu, basi siku moja mwalimu wa Loitokitok atapiga simu Kitengela, aulize kama madawati 40 yapo, na yule anayepokea simu, kabla ya kujibu, atafungua ukurasa na kuangalia.